Mkunja Miavuli wa Mims

Kila roketi inaporuka kutoka Rasi, kile kituo cha kurushia vyombo vya angani, mji mzima wa Mims hutoka nje. Wanaokula huacha sahani, wanaogombana huahirisha ugomvi, na mchungaji wa kanisa la Kibaptisti aliwahi kukatisha mahubiri katikati ya sentensi, akatoka na waumini wake, akatazama mpaka moshi ukatawanyika, kisha akarudi kumalizia sentensi ileile. Mtu mmoja tu hubaki ndani. Bi Verlene Gadsden huvuta pazia la jikoni, hufungua bomba na kuosha vyombo, hata kama ni safi.

Mumewe, Alonzo, yeye husimama uani, mkono juu ya sanduku la barua. Mngurumo ukifika na vikombe vikaanza kugongana kabatini, humpigia kelele kutoka nje, "Vee! Inapanda vizuri!" Naye hujibu bila kugeuka, "Ikishuka uniambie." Wameishi hivyo miaka arobaini kasoro mmoja, na hakuna aliyewahi kumbembeleza mwenzake abadilike.

Mgeni angedhani mama huyu hana habari na mambo ya anga. Kumbe ndiye mkunja miavuli. Kuna kampuni huko Rasi yenye chombo kinachopeleka watu juu kwa dakika kumi na moja, na kikirudi hakirudi kwa injini. Kinaanguka tu, mpaka parachuti tatu zifunguke na kukishusha baharini polepole. Parachuti hizo, ambazo kazini kwao wote huziita miavuli, hakuna mashine inayoweza kuzikunja. Hutandazwa juu ya meza ndefu kuliko kanisa, zikalainishwa mkunjo kwa mkunjo kwa vidole, zikashindiliwa siku kwa siku mpaka kitambaa kinakuwa kigumu kama gogo na kuingia ndani ya pipa. Wale vijana wenye digrii tatu tatu wanaounda injini humpisha Bi Verlene mlangoni, na mimi nasema wanafanya vyema.

Alianza kama mshonaji. Yeye na mama yake walikuwa wakishona majoho ya kwaya na magauni ya harusi, na alipokuwa na miaka ishirini na mmoja serikali ilimwajiri kwenye jengo la parachuti huko Rasi. Mwaka uliofuata, asubuhi moja ya Januari, baridi ikiwa imeua machungwa mashambani, alitoka uani pamoja na wenzake, koti begani, kutazama roketi ikipanda. Alitazama juu. Watu saba walikuwa ndani, ikapasuka hewani, na hawakurudi. Hakuna aliyemlaumu mshonaji yeyote, wala hakukuwa na sababu ya kulaumu. Lakini tangu siku ile Verlene hajainua uso kutazama chombo chenye watu. Akienda kazini hufanya kazi yake, mwavuli ukitoka mezani ameshamaliza nao, na yatakayotokea juu huko huletewa habari.

Serikali ilipoacha kurusha vile vyombo vyake, wakaachishwa kazi wote kwa barua fupi na kipande cha keki. Akashona mapazia ya hoteli za barabarani kwa miaka minane. Ndipo ikaja hii kampuni ya kupeleka juu watu wa kawaida, wenye pesa zao na hamu yao, na ikagundua kwamba fedha zote ilizonazo hazikunji mwavuli. Wakamfuata nyumbani. Walimtaka akunje, awafundishe wengine, na awaandikie sheria za chumba. Aliziandika kwa kalamu ya risasi mezani pake jikoni. Mazungumzo yakome mtu akishashika kitambaa. Nguo za kazi zisiwe na mifuko. Kila kifaa kiwe na mchoro wake ubaoni, na jioni kihesabiwe. Kikikosekana hata kimoja, mwavuli uliokunjwa siku hiyo hautoki, kwa sababu huenda kimo ndani yake. Na ya nne: mtu asikunje mwavuli wa mtu wa familia yake. Mkono wenye hofu, aliandika, ama unaharakisha ama unachelewa.

Sasa turudi kwa Alonzo. Huyu alikuwa dereva wa basi la watalii huko Rasi kwa miaka ishirini na saba, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kipaza sauti hata akiomba chumvi. Februari alikuja jikoni na mfuko wa samaki, na kabla hajaambiwa neno akachukua kisu na kuanza kuparua. Verlene akajua palepale kuna jambo.

"Umefanya nini, Lonnie?"

"Mbona unaniuliza kama polisi? Mtu hawezi kumparulia mkewe samaki?"

"Huyu wangu hawezi. Sema."

"Nimeshinda."

"Umeshinda nini? Usiniambie ni bata mzinga wa kanisa tena, friji imejaa."

"Kiti."

"Kiti gani?"

Alonzo akanyoosha kisu kuelekea dari. Kampuni ilikuwa imetenga nafasi moja ya bure kwa mtu yeyote wa wilaya aliyewahi kufanya kazi Rasi, majina yakachanganywa, likatoka lake. Verlene akavuta kiti cha jikoni, akakaa.

"Jina uliandika lini?"

"Oktoba."

"Oktoba! Miezi minne unalala pembeni yangu na siri hiyo?"

"Nilijua sitashinda! Mimi sijawahi kushinda kitu cha maana, Vee. Kitu pekee nilichowahi kushinda ni—"

"Usinipake mafuta. Parua samaki wako."

Walikula. Alonzo ndiye aliyeshindwa kujizuia kwanza, kama kawaida yake. "Miaka ishirini na saba," alisema, "nimewaambia wageni, kulia kwenu, mabibi na mabwana, ndiko wanakopandia. Mara elfu ngapi? Na basi langu halijawahi kukata kona kwenda kulia." Verlene alijua ni kweli, na ukweli huo ulimuuma, kwa hiyo akamwongezea samaki.

Kesho yake alimwendea msimamizi wake, Bwana Hutto, mzungu mnene mwenye mazoea ya kuvuta suspenda zake, zile kanda za mabegani za kushikia suruali, akipata taabu.

"Kama anakwenda, nikunje mimi," alisema Verlene. "Yote mitatu."

"Bi Verlene. Sheria ya nne."

"Naijua."

"Nani aliiandika?"

"Mimi."

Hutto akavuta suspenda, akaziachia. "Basi," alisema, kwa upole wa kutosha. Miavuli ya Alonzo akapewa Yoli Marrero, mwanamke wa Puerto Rico ambaye Verlene alimfundisha kazi tangu ajifunze kushika kitambaa, msemaji hodari ambaye hunyamaza mahali pamoja tu duniani, napo ni mezani. Verlene akawekwa meza ya pili, akunje mwavuli wa akiba wa safari nyingine. Alikuwa akimsikia Yoli anavyopumua.

Kulikuwa na karatasi pia. Kule kwao sheria inataka anayepanda aambiwe wazi, bila kuremba, kwamba serikali haijathibitisha usalama wa chombo hicho, kwamba anaweza kufa, na atie sahihi akijua. Kurasa kumi na nne. Alonzo alimsomea mkewe zote kwa sauti yake ya basi: kuungua, kukosa hewa, kuzama, mshtuko wa moyo, na hatari nyingine zisizojulikana kwa sasa.

"Hizo zisizojulikana ndizo ninazozijua mimi," alisema Verlene.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mke: kwamba ameelezwa, ameelewa, na hatashtaki mtu. Kampuni haimpandishi mtu mwenye mke bila sahihi hiyo. Verlene aliukunja mara mbili, akauweka chini ya kopo la sukari. Hakusema hataweka sahihi. Hakusema ataweka. Ukakaa pale wiki mbili na siku kadhaa.

Na hapa ndipo utamjua Alonzo ni mtu wa namna gani. Yeye hunywa kahawa yenye vijiko vitatu vya sukari, na daktari amegomba mpaka amechoka. Tangu karatasi iingie chini ya kopo, aliacha sukari. Kulishika kopo lile ingekuwa kama kumwambia mkewe, vipi, umeshaamua? Kwa hiyo kila asubuhi alikunywa kahawa chungu, akikunja uso, akisema, "Aa, tamu." Verlene alimwona. Alijikausha, lakini alimwona.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Machi. Haikuwa na mchezo. Ruhusa ya daktari ilikuwa inakwisha mwisho wa mwezi huohuo, na daktari alikuwa amempima presha mara tatu kabla ya kuitia muhuri, akamwambia kinaga ubaga: "Mzee Gadsden, hii nimekupa kwa shingo upande. Nyingine hutapata." Akikosa Jumamosi ile, amekosa maisha yake yote.

Jumanne ya wiki hiyo, saa kumi jioni, baada ya kuyashughulikia mapipa yote matatu siku hiyo, Yoli alifunga la mwisho, akaenda ubaoni kuhesabu vifaa. Shazia zilitakiwa kuwa kumi na mbili. Ni sindano kubwa za kupitishia kamba, ndefu kama kiganja, za plastiki ngumu nyeupe, kwa kuwa chuma huvuta nyuzi. Kila moja imechongwa namba. Mchoro wa namba kumi na moja ulikuwa mtupu.

Walipekua sakafu kwa magoti. Walipekua mapipa ya taka. Hutto aliagiza kila mtu avue joho la kazi na kulikung'uta, Verlene naye akakung'uta la kwake. Hakuna. Yoli alilia waziwazi. "Niliihesabu asubuhi, Bi Verlene! Naapa kwa mama yangu niliihesabu!"

"Mpaka kesho kutwa saa sita mchana," alisema Hutto, suspenda zikiwa zimevutwa hadi mwisho. "Isipopatikana, tunafungua mapipa yote matatu."

Kila mtu pale alijua hesabu yake. Kufungua na kukunja upya ni siku tisa. Jumamosi ingepita, Machi ingepita, na Yoli angenyang'anywa muhuri wake wa kazi. Verlene alimshika Yoli mabega, akamwambia itaonekana tu. Kisha akaendesha gari kurudi nyumbani, na njiani, kwenye daraja la kuvukia mto, alijikuta anapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Februari. Akajionea haya, lakini pumzi haikukoma kuingia.

Jumanne jioni ni siku ya nywele. Desturi hiyo ilianza mwaka Verlene alipovunjika kifundo cha mkono, Alonzo akajitolea kumpaka mafuta kichwani, na mkono ulipopona hakuna aliyesema iishe. Baada ya chakula, jua likiwa bado dirishani, Verlene hukaa kwenye kigoda katikati ya magoti ya mumewe, kopo la mafuta sakafuni. Nywele zake ni nyingi, za mvi, na kazini huzifunga fundo kubwa kisogoni chini ya kofia. Alikuwa ameshamsimulia yote, shazia, Yoli, saa sita ya kesho kutwa. Alonzo alikuwa amesikiliza, akasema, "Maskini Yoli," na juu ya Jumamosi yake mwenyewe hakusema kitu.

"Kulia kwenu, mabibi na mabwana," alianza alipokuwa akifungua fundo, ile sauti ya basi, "mtaona mvi za mwaka tisini na tatu, zilizoletwa na mtoto wetu wa kwanza. Kushoto, mkichungulia vizuri, ni zile za mkopo wa nyumba. Na hapa katikati—"

Vidole vyake vikagota kwenye kitu kigumu.

"Hapa katikati nini?" Verlene aliuliza. "Malizia, dereva."

"Vee. Nyoosha mkono."

Akanyoosha, na Alonzo akamwekea kiganjani shazia nyeupe, namba kumi na moja.

Washonaji wote wana tabia hiyo. Mikono miwili ikiwa imejaa kitambaa, sindano huchomekwa popote penye kushika, mdomoni, kifuani, kichwani. Mama yake alikuwa akilala nazo. Verlene aliwapiga marufuku wanafunzi wake wote, aliwavisha makofia, aliwashonea majoho yasiyo na mifuko. Na yeye mwenyewe, mkono wake wa kale ukaazima shazia ya Yoli ubaoni, ukaichomeka chini ya kofia, ukasahau. Walikung'uta majoho. Hakuna aliyefikiria kukung'uta nywele za Bi Verlene.

"Sikujua," alisema. "Lonnie, naapa sikujua."

"Nakuamini."

"Mimi mwenyewe sijiamini."

Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha maji. Alonzo hakuinuka kulifunga. Alichukua kitana, akaendelea na kazi yake, polepole, kama vile hakuna kilichotokea. Alipozungumza tena, ile sauti ya basi ilikuwa imekwisha.

"Pale nyuma ya duka la chambo mto una kina kizuri tu. Ukienda kuitupa, mimi sikuona kitu. Nitabaki hapa, nitakunywa kahawa yangu, nitakuwa mzee msumbufu mpaka unikimbie. Sitakuuliza, na sitakununia. Nakwambia kweli."

"Na Yoli?"

"Yoli ni wako wewe na dhamira yako. Mimi nasema upande wangu."

Verlene aliigeuza shazia kiganjani. Kisha akauliza swali ambalo tangu Februari hakuwa amethubutu kuliuliza. "Unaogopa?"

"Hee! Naogopa mpaka miguu inakuwa baridi asubuhi. Unadhani kwa nini nilikusomea zile kurasa kwa sauti kubwa? Nilikuwa najifanya mwanamume." Akacheka kidogo. "Naogopa, Vee, na nataka. Vyote viwili, saa ileile, ndani ya kifua hikihiki. Nimejaribu kuondoa kimoja kibaki kingine, imeshindikana."

Verlene alikuwa amekunja miavuli ya watu miaka thelathini na miwili, ukijumlisha ya serikali na ya kampuni, na hakuwahi kuwaza kama waliokuwa wakipanda waliogopa. Aliwaona ama mashujaa ama wapumbavu wenye fedha. Hakuwahi kumwona mmoja wao akiwa na mafuta ya nywele vidoleni. Alimpenda mume wake huyu mpaka akaumia. Alimtaka awe mzima kuliko alivyomtaka awe na furaha, na alipolitambua hilo, palepale kigodani, alisikia aibu ikimpanda hadi masikioni. Kwa sababu nyuma ya kila mwavuli alioukunja kulikuwa na mke wa mtu, au mume wa mtu, au mama, aliyemwacha mpenzi wake mikononi mwa Verlene bila hata kumjua jina. Walimwamini. Hakuna hata mmoja aliyeificha shazia.

"Maliza nywele," alisema. "Na usinisuke ovyo kama wiki iliyopita, kesho asubuhi naenda kuonana na watu."

Asubuhi, saa moja, aliingia ofisini kwa Hutto. Yoli alikuwapo, macho yamevimba. Verlene akaweka shazia juu ya meza.

Yoli akapiga kelele na kujiziba mdomo. Hutto aliisoma namba mara mbili. "Ilikuwa wapi?"

"Kichwani mwangu. Kwenye nywele."

"Kichwani mwako."

"Ndiyo. Niliichukua mimi. Yoli hana kosa lolote."

Hutto hakuvuta suspenda. "Lazima nikuulize, Bi Verlene, na lazima niandike jibu. Ulifanya makusudi?"

"Nimejiuliza hilo tangu jana. Mkono uliichomeka, kichwa sijui kilikuwa wapi. Sikukusudia, hilo najua. Lakini nilipoambiwa imepotea nilifurahi. Andika hivyo, vyote viwili."

Akavua kamba shingoni yenye muhuri wake mdogo, ule anaogongea kadi ya kila mwavuli, akauweka karibu na shazia. Alijua utaratibu, aliuandika yeye. Mwenye kutoka na kifaa husimamishwa kazi mwezi mzima.

"Mapipa yako safi, basi," Hutto alisema taratibu. "Jumamosi iko palepale. Unajua umenirudishia nini hapa?"

"Najua kuliko wewe," alisema Verlene.

Yoli alimkumbatia kwa nguvu mpaka kofia ikamvuka. "Nilikunja vizuri, Bi Verlene," alimnong'oneza. "Nilikunja kama vile ni baba yangu."

"Nilikusikia," alisema Verlene. "Ulikuwa unapumua taratibu."

Alhamisi asubuhi Alonzo aliamka akakuta kikombe chake mezani, kinatoa moshi. Alikunywa funda moja, akakunja uso kwa mazoea, kisha uso ukakunjuka. Vijiko vitatu. Kopo la sukari lilikuwa katikati ya meza, na chini yake hapakuwa na kitu. Karatasi ilikuwa imenyooshwa pembeni ya sahani yake, sahihi ya mkewe ikiwa kubwa na ya wazi, jinsi anavyogongea kadi za miavuli. Alonzo alitaka kusema jambo.

"Kunywa kahawa yako, baba," alisema Verlene, amempa mgongo. "Inapoa."

Jumamosi familia za abiria ziliandaliwa viti kwenye roshani, na vinywaji baridi, na binti wa kuwaeleza kila hatua kwa tabasamu. Verlene alishukuru, hakukaa. Kwa kuwa alikuwa amesimamishwa, hakuruhusiwa pia kuingia chumba cha kukunjia, kile kisicho na madirisha, ambamo siku zote kama hii alikuwa akijificha. Akaenda kusimama kwenye maegesho ya magari, na Yoli akamfuata.

Mngurumo ulipoanza, ardhi ikitetemeka chini ya viatu, Verlene aliyatazama matairi ya gari la mtu. Halafu alimfikiria Alonzo uani, miaka yote hiyo, mkono juu ya sanduku la barua, akimwitia habari njema mwanamke aliyefunga pazia. Mara zote alikuwa anatazama peke yake. Akaweka kiganja juu ya boneti ya gari lile, akainua uso.

Ilikuwa nzuri. Hilo hakulitarajia. Alikuwa amesahau, au hakuwahi kujua, kwamba inakuwa nzuri hivyo. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa sababu asingeweza kufuta na kutazama. Ikapanda, ikawa nukta, ikapotea, na wao wakabaki na anga tupu ya buluu. Yoli alianza kusali Kihispania chinichini.

Kisha nukta nyeusi ilionekana juu ya bahari, ikishuka. Mikono ya Verlene ilijua kila kinachotakiwa kutokea, mkunjo kwa mkunjo. Mwavuli wa kwanza ukatoka kama uzi, ukajaa. Wa pili ukajaa. Wa tatu ukabaki utepe, unapepea. Hii si ajabu, mmoja huchelewa daima. Yeye mwenyewe amewafundisha wanafunzi kwamba huchelewa, hesabu mpaka nane kabla hujashtuka. Hakuna aliyemfundisha jinsi ya kuhesabu mpaka nane mume akiwa chini ya utepe huo. Moja, alihesabu. Mbili. Yoli alikuwa ameziba macho. Tatu. Nne. Tano. Verlene hakuziba.

Sita, ukafunguka.

Boti iliwaleta gatini baada ya saa moja. Alonzo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, kama utaratibu unavyotaka, blanketi magotini. Alimwona mkewe anakuja, macho mekundu, misuko ya Jumanne imefumuka upande mmoja kwa upepo. Alimtazama kwa makini, akaelewa kabla hajauliza, lakini akauliza.

"Ulitazama?"

"Nilitazama."

"Kupanda au kushuka?"

"Yote."

Kule juu, alikokwenda kuiona dunia nzima kwa dirisha, Alonzo hakuwa amelia. Sasa alilia kama mtoto, mbele ya wapiga picha, ameshika mkono wa mkewe kwa mikono yake yote miwili.

"Haya, nihadithie," alisema alipoweza. "Ilikuwaje?"

Verlene akachuchumaa mbele ya kile kiti, akamfuta uso kwa ncha ya blanketi. "Ilipanda vizuri, Lonnie," alimwambia. "Na imeshuka."